Njia ya Kaa Mlangoni pa Hoteli

Fusipala akikutana na mtu mgeni, hata dakika tano hazipiti kabla hajamweleza kosa lake. Hangoji kuulizwa. Atataja jina lake, atataja jina la mama yake, kisha atasema: mimi ndiye niliyewapa watu wa hoteli Njia ya Kaa. Nimemkanya mara nyingi aache kujichongea, kwa kuwa waliotenda uchafu ule ni wengine na wanalala usingizi mnono. Hanisikii. Basi acha nieleze mimi, Akanesi, niliyegonga naye magome ya mforosadi kwenye gogo moja tangu tukiwa wasichana. Yeye akieleza hujitwika lawama zote, wenye lawama wakabaki mikono mitupu.

Ni mwanamke wa miaka hamsini na nane, mjane, mnene, magoti yake mabovu, na kicheko chake utakisikia kabla hujamwona. Kanisani huimba sauti ya pili na kuwafunika wa sauti ya kwanza. Vidole vyake ni vya rangi ya kahawia daima, kwa sababu ya ile rangi ya magome ya mti tunayopakia ngatu, vitambaa vyetu vya magome. Sabuni imeshindwa, na hata siku ya harusi yake vilikuwa vivyo hivyo. Katika chama chetu cha wanawake yeye ndiye kiongozi, na hatukumchagua kwa maneno matamu. Tulimchagua kwa jicho lake. Tukiwa tumekaa pande mbili za ile meza ndefu iliyobinuka mgongo, tunasugua rangi juu ya kitambaa ili nakshi iliyo chini ipande, mstari ukienda upande kwa upana wa kidole Fusipala hasemi kitu. Anakohoa tu. Basi tunajua tumeharibu, tunaanza upya.

Hiyo nakshi ya chini ndiyo tunayoiita kupesi. Ukiiona imening'inia ukutani utasema ni kipande cha jamvi bovu: majani makavu ya mkadi, na juu yake chelewa za mnazi zilizoshonwa kwa kamba ya makumbi. Lakini ukiitandika chini ya kitambaa ukasugua, inasema. Kupesi huazimana. Wanawake wa kijiji kingine wakiitaka, wanakuja, wanakaa chini, wanazungumza wee mpaka ukajua wanachokitaka kabla hawajakitaja, unawapa. Wakirudisha, inakuja juu ya kikapu: viazi vikuu, nyama ya nguruwe, majani ya magimbi yaliyopikwa kwa tui. Hakuna karatasi wala sahihi. Katika maisha yangu sijasikia kupesi iliyopotea.

Kwa kina Fusipala kulikuwa na kupesi nyingi, lakini Njia ya Kaa ilikuwa peke yake. Ni miguu midogomidogo inayokimbia kiubavu, mstari baada ya mstari, inaingia kwenye shimo la duara, na hakuna hata mguu mmoja unaotoka. Haipakwi harusini wala kanisani. Hupakwa siku ya msiba, maiti akiwa ndani, wanawake wamekaa mezani wanasugua na kulia. Bibi yake alilazwa juu yake, na mama wa bibi yake vilevile. Na mama yake, Mama Vaimoana, aliyekuwa na miaka themanini na tisa na jicho moja lililobaki na nuru, alikuwa ameshagongesha magome ya kitambaa chake. Kilikunjwa juu ya kabati, cheupe, kinangoja siku. Alikuwa akiwaambia wageni bila hofu, hicho ni changu, nakshi yake mtaipaka mimi nikiwa nimelala.

Sasa hoteli. Ilijengwa ufukweni chini ya kijiji, na meneja wake ni mwanamke wa Kizungu aitwaye Denise. Siku za meli za watalii hufanya onyesho la kuwakaribisha wageni. Wasichana wetu huvalishwa vikombe vya nazi vifuani, nazi zenyewe za plastiki, na sketi za nyuzi za plastiki za kijani ambazo hakuna nyanya yetu aliyewahi kuzivaa. Wavulana hutoa ndimi kama wanavyofanya watu wa nchi nyingine kabisa, tena kwao ni jambo la heshima, hapa ni la kuwachekesha walevi. Nyuma yao husimama sanamu la mungu aliyekenua meno, ambaye hatukuwahi kumwabudu, na kichwani mwake pametobolewa pa kuwekea mrija. Mimi hupeleka pale mashada ya maua, kwa hiyo nimeyaona haya kwa macho yangu zaidi ya nilivyotaka. Kila nikirudi nyumbani nilikuwa nanawa uso.

Denise alikuja kwa Fusipala mwenyewe. Alikaa chini kwenye mkeka, akakunja miguu vizuri, mtu amemfundisha. Akasema hoteli inataka kuwaonyesha wageni kazi ya kweli ya wanawake, na majina yao yataandikwa. Wiki ile kupesi zote zilikuwa zimeazimwa na kijiji cha jirani kwa ajili ya harusi. Ukutani ilikuwa imebaki moja, Njia ya Kaa. Denise akainyooshea kidole, akaisifu.

Kwetu mgeni akisifu kitu nyumbani mwako, kumnyima ni sawa na kumfungia mlango usoni. Fusipala alimwambia ukweli: hii ni ya wafu. Mzungu akaweka mkono kifuani, akasema ni jambo zuri mno. Na mwenzangu, kwa kuwa hajawahi kuishi na watu wanaosikia bila kusikia, akadhani maneno yale maana yake ni nimeelewa. Akaitungua, akampa.

Siku ya tatu ikarudi. Haikuwa juu ya kikapu. Ilirudi na dereva, ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na kofia mbili zenye jina la hoteli. Bibi Tapaita alikuwepo. Huyu ni mtoto wa shangazi yake Mama Vaimoana, na kwetu upande wa shangazi ndio wakubwa: akikuambia simama unasimama, akitaka blanketi lako unampa. Isitoshe ana ulimi wa pilipili. Alizitazama zile kofia, akamtazama Fusipala, akasema, "Kupesi yako imerudi na njaa." Tulicheka sana siku hiyo. Nikikumbuka tulivyocheka naona aibu.

Miezi minne baadaye nilipeleka maua, nikakuta zulia jipya mlangoni, la nailoni, refu kuliko kitanda. Mtu mmoja mwenye miguu ya waridi alikuwa amesimama juu yake, anasugua kandambili zake zitoke mchanga, halafu akainua mguu akajaribu kubandua ubani wa kutafuna uliokwama kwenye soli kwa kuuburuza huku na huku. Chini ya soli yake nikaona miguu ya kaa. Nikaona shimo. Niliweka kikapu chini nikashika nguzo. Ndani ilikuwa ni balaa tupu. Njia ya Kaa kwenye vikombe. Njia ya Kaa kwenye karatasi za kupangusia midomo, zimerundikwa mezani zina mchuzi. Njia ya Kaa kwenye kaptura za kuogelea, na shimo la kaa limekaa palepale kwenye makalio. Karatasi ya bei iliyoning'inia kwenye kaptura iliandikwa kwamba nakshi hii huleta furaha na bahati ya mapenzi.

Fusipala alikwenda kwa Denise akiwa amevaa mkeka wa kiunoni wa heshima, kama mtu anayekwenda kwa mkubwa. Aliporudi, ilibidi nimvute neno moja moja. Denise alikuwa mpole, akamletea juisi. Alimweleza kwamba mchoraji wao amebadilisha mistari mitatu, kwa hiyo si kile kitu chake, ni kitu kipya kilichopata tu wazo kutoka kijijini. Kisha akampa kadi ya kwenda kula chakula cha mchana bure, yeye na mwenzake mmoja. Fusipala alikuwa bado ameishika ile kadi, imelowa jasho. Niliichana mimi.

Tukakubaliana Mama Vaimoana asijue. Kijiji kizima kilifunga mdomo, jambo ambalo kijiji chetu hakijawahi kulifanya kabla wala baada ya hapo. Siri ikavunjika kwa wema. Jumapili moja, baada ya ibada, mke wa shemasi alimletea kipande cha keki alichopewa hotelini na mwanawe, akakiweka mbele yake kama kilivyofungwa kwenye karatasi ya hoteli ya kupangusia midomo. Mama Vaimoana akapapasa, akafunua, halafu akainua ile karatasi akaisogeza kwenye jicho lake zima. Akaitazama muda mrefu.

"Nani amekufa?"

Mke wa shemasi akamtazama Fusipala.

"Nauliza, nani amekufa? Mmepaka Njia ya Kaa, mimi hamkuniambia."

Fusipala alipiga magoti yake mabovu sakafuni, akamwambia yote, kuanzia kidole cha Denise mpaka kaptura. Mama yake hakumkaripia. Afadhali angemkaripia. Aliikunja ile karatasi vipande vinne, akaiweka chini ya mto, akasema keki iondolewe, yeye hali chakula kilichotandikiwa maiti. Kisha akasema, "Basi mimi msinilaze juu ya taulo la hoteli." Akageukia ukutani.

Tangu siku ile Fusipala alikuwa na jambo moja tu kichwani: airudishe Njia ya Kaa, iwe ya wafu tena, kabla mama yake hajafa. Daktari alikuwa ameshasema moyo wa mama umechoka.

Wazo la kwanza lilikuwa lake. Alituita tukaona amemwaga takataka sakafuni. Kwa wiki mbili alikuwa akipita ufukweni asubuhi na kiroba, akiokota mabaki ya hoteli: mirija, vifungulio vya chupa vyenye sura ya yule mungu mkenua meno, maua ya plastiki, nusu ya kikombe cha nazi cha kifuani, kandambili zilizokatika. Akavikata, akavibapa, akavishona kwa kamba ya makumbi juu ya majani ya mkadi, kwa ufundi uleule, mishono ileile midogo. Alikuwa ametengeneza kupesi ya uchafu. Akasema tutaipaka kwenye ngatu ya kipimo kikubwa, hatua thelathini, tuwapelekee siku ya kufungua jengo lao jipya.

Lazima ujue tunavyotukana sisi. Mtu aliyekukosea sana humpigii kelele. Unampa zawadi kubwa kuliko alivyostahili, hadharani, kwa adabu zote, mpaka anatamani ardhi immeze. Baba yangu alimkomesha ndugu yake kwa nguruwe mmoja, na yule ndugu akahama kisiwa.

Tulifanya kazi ile kwa mwezi. Wanawake walikuwa wakisugua huku wakitema mate pembeni. Mrija ulipanda kwenye kitambaa safi kabisa, na kandambili ikapanda na matundu yake matatu. Nikiri kwamba ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri na inatia kinyaa, na sijui ni nani mwingine angeweza kuvitia viwili hivyo kwenye kitambaa kimoja. Katikati, mahali tunapoandika maneno ya heshima, Fusipala aliandika kwa herufi kubwa za lugha yetu: FUTA MIGUU HAPA.

Siku ya kufungua tuliibeba imekunjuliwa, wanawake ishirini kila upande, hatua pole pole, macho mbele. Wafanyakazi wa hoteli, watoto wetu wenyewe, waliitambua upesi. Mmoja wa wasichana wa onyesho alifunika vikombe vyake vya nazi kwa mikono. Mkuu mmoja kutoka mjini aliyealikwa aliitazama, akatazama juu, akaanza kuhesabu mapangaboi ya darini. Fusipala akasimama, akatoa hotuba ndefu ya shukrani kwa Denise, kwa yote aliyolifanyia kabila letu. Niliona masikio ya yule mkuu yanawaka.

Denise alilia kwa furaha. Akamkumbatia Fusipala. Akamuuliza mlinzi wa mlangoni, Kitione, maneno ya katikati yana maana gani, na Kitione, ambaye ana watoto sita, akajibu yanasema karibuni wageni wetu wapendwa.

Tulimtukana kwa adabu zetu zote, naye akatushukuru. Tusi letu linahitaji mtu mwenye haya wa kulipokea, na pale hapakuwa na mtu. Wiki iliyofuata ngatu ile ilikuwa imetundikwa mapokezi, imewekewa taa, na chini yake kibandiko kilichosema nakshi za furaha za wanawake wa kijiji. Haukupita muda ikatoka mikoba. Walikuwa wamechapa mikoba ya nakshi ya takataka yao wenyewe, mirija na kandambili, na watalii walikuwa wakiinunua kama mikate ya moto asubuhi. Nilipomwambia Fusipala alicheka kile kicheko chake kikubwa, akacheka mpaka akatapika. Sitii chumvi. Alitapika kwenye ua, karibu na gogo.

Mama Vaimoana alikufa siku ya Jumanne, mchana, akiwa ameshikwa mkono. Chini ya mto tulikuta ile karatasi, imekunjwa vilevile.

Chama kikaja, kikaandaa meza. Rangi ilikuwa imechemshwa, matambara ya kusugulia yamelowekwa. Fusipala akashusha kile kitambaa cheupe kutoka juu ya kabati, akashusha na Njia ya Kaa ukutani. Tukakaa pande mbili, tukangoja aitandike. Hakuitandika mezani. Aliibeba, akaingia nayo chumbani, akaiweka kitandani, akafunika kwa kile kitambaa kama kilivyo, bila tone la rangi, akatuambia tumlaze mama juu yake.

Minong'ono ikaanza, na haki yao. Mzee wa heshima kama yule kulazwa juu ya kitambaa kitupu, kama maskini asiye na watu. Bibi Tapaita, aliyekuwa amekaa kichwani pa maiti kama inavyompasa mtu wa upande wa shangazi, aliinua mkono wote wakanyamaza.

"Njia iko wapi?" akauliza.

"Iko chini yake, Bibi," Fusipala akasema. "Ataisikia mgongoni. Hakuna mwingine atakayeiona."

Bibi Tapaita aliinua pembe ya kitambaa, akaingiza mkono, akapapasa zile chelewa, miguu ya kaa mmoja mmoja, mpaka kwenye shimo. Akaurudisha mkono wake kwenye paja.

"Inazikwa naye?"

"Inazikwa naye."

Ndipo nilipoelewa. Kupesi ile ilikuwa na umri mkubwa kuliko kanisa letu. Ikienda ardhini, Njia ya Kaa iliyobaki juu ya dunia itakuwa ni ile ya nailoni. Fusipala alilijua hilo kuliko sisi sote. Alikuwa mkavu wa macho, na mkavu aliendelea kuwa mpaka kaburini, hata watu wakasema maneno. Mtoto wa marehemu, amejifunika mkeka mbovu wa msiba mpaka masikioni, nywele zimekatwa, na halii.

Tuliporudi kutoka makaburini, Bibi Tapaita hakuturuhusu kuvua mikeka. Alisema msiba haujaisha, kwani Njia ya Kaa nyingine imetandikwa mahali, ina wiki na wiki, watu wanapita juu yake, na hakuna hata mtu mmoja aliyekwenda kuililia. Inapotandikwa, huliliwa. Kesho yake ni siku ya meli. Hakuna aliyebisha. Kwanza nani ambishie mtu wa upande wa shangazi akiwa na msiba wake mkononi.

Asubuhi tulishuka wanawake thelathini na mmoja, tumevaa nyeusi tupu, mikeka imechanika tunaiburura. Kitione alituona tunakuja. Alikuwa amevaa shada la maua ya plastiki, ndiyo sare yao. Alilivua, akalitia mfukoni, akasogea kando, akainamisha kichwa. Tukakaa kulizunguka lile zulia, sakafuni. Bibi Tapaita akaketi upande wa shimo, ndiko kichwani, na akaanzisha kilio. Kilio chetu kina maneno, humtaja marehemu na safari yake, na huenda mbali. Muziki wa onyesho ulikuwa ukipigwa nyuma ya nyumba. Ukakatika katikati ya wimbo.

Denise akaja mbio, uso umemshuka. Alichuchumaa karibu na Fusipala, akanong'ona. Alikuwa anaogopa kwa dhati, nadhani alidhani ni mgeni wake ameanguka bafuni.

"Nani amekufa?"

Maneno yaleyale. Fusipala aliinua uso kutoka ndani ya mkeka.

"Mama yangu. Mmemtandika hapa mlangoni, tumekuja kumlilia."

Denise aliomba radhi, akasema hakujua, akasema anasikitika sana, akauliza kama tungependa chumba cha faragha, chenye kipoza hewa. Bibi Tapaita hakukatiza kilio kumjibu. Watalii walikuwa wanarundikana ngazini. Wengine waliona tu nyuso zetu wakarudi nyuma, watu wazuri, siwasemi. Wengine waliinua simu. Kisha akashuka bwana mmoja mwenye kaptura ya Njia ya Kaa, akasimama mbele ya Fusipala akitabasamu, akatoa noti ya pa'anga kumi, akaiweka juu ya mapaja yake, juu ya mkeka wa msiba. Akamuuliza Kitione onyesho la pili ni saa ngapi.

Fusipala aliitazama noti. Akaitazama kaptura, ilikuwa usawa wa macho yake. Na hapo ndipo alipolia. Hakulia kile kilio cha maneno. Alilia kama mtoto aliyepotea sokoni, mdomo wazi, makamasi yanatoka, akisema mama nisamehe, mama nisamehe. Noti ikaanguka na hakuna aliyeiokota. Yule bwana akawa mwekundu, akajifunika kwa taulo lake, na taulo nalo lilikuwa na kaa.

Denise aliagiza zulia liondolewe. Alimwagiza Kitione, Kitione akatazama viatu vyake. Akaita watu wa jikoni, wakasimama mlangoni mikono nyuma. Hakuna mkono wa kwetu utakaokunja kitu kinacholiliwa, hata ukiutishia kazi. Kwa hiyo alipiga magoti mwenyewe, na sketi yake nyeupe, akalikunja lile zulia la nailoni mbele ya wageni wake wote. Lilikuwa zito, limejaa mchanga, likamwagikia mapajani. Alipofika upande wa Bibi Tapaita alingoja. Bibi akamaliza ubeti wake, ndipo akainua goti.

Kaptura zilitolewa dukani, vikombe pia. Mikoba ya takataka bado wanauza, na tumewaachia, ni ya kwao. Watu hunipongeza, wanasema mmeshinda. Hawajaona nyumba ya Fusipala. Ukutani pana alama ya mraba mahali kupesi ilipokuwa, rangi yake imepauka tofauti, na yeye hutundika kila kitu kwingine.

Wiki iliyopita nilipeleka maua. Wametandika zulia jipya, zuri, la kijani, lenye kasa wanaogelea duara. Nilirudi nikamweleza Fusipala, nikidhani tutacheka kidogo. Hakucheka. Aliuliza kasa hao wana vidole vinne au vitano, na kama mkia umepinda, kwa kuwa kila kijiji kina kasa wake. Nikamwambia sikuhesabu. Akainuka na magoti yake, akaenda uani ambako mkeka wake wa msiba ulikuwa umeanikwa, akaukung'uta, akauvaa.

"Twende tukaulize ni kasa wa nani," akasema. "Huenda na huko alikotolewa kuna mzee anayengoja."